Mzazi Katika Ghala la Asali

Vailet alifika Ijumaa mchana na mizigo miwili: begi la nguo na hadubini ndogo mgongoni, na chupa kubwa ya chai ameikumbatia kifuani kama mtu anayepeleka kuku kanisani. Nilimpokea begi. Chupa alikataa kunipa.

"Hiyo ina nini, chai ya Arusha?"

"Barafu, bibi. Na kazi yangu ya miaka mitatu."

Shikamoo yenyewe aliikumbuka baadaye, akiwa ameshazunguka nyuma ya nyumba kuangalia ghala langu la asali.

Ghala hilo alilichimba marehemu mume wangu, Yoakimu, kwenye mwinuko wa shamba letu hapa Sigino. Nusu liko ndani ya ardhi, nusu liko nje, kuta zake nene kama urefu wa mkono, na juu yake limeezekwa miti na kufunikwa udongo. Jua liwake linavyotaka, humo ndani ubaridi ni uleule. Vailet alitundika kipimajoto ukutani. Alikisoma jioni ile, akakisoma asubuhi, akakisoma mchana. Kumi na tisa, kumi na tisa, ishirini.

"Bibi, chuoni mashine ya ubaridi imekufa, na fundi anasubiri kipuri. Chumba kimekuwa kama jiko. Naomba ghala lako mpaka Ijumaa."

"Na ndoo zangu za asali?"

"Zikae. Ila mtu asiingie, asitikise, asifunge mlango kwa kishindo. Vitu vyangu vinataka utulivu tu."

Huyu ni mtoto wa mwanangu Theophil, na nimemlea mimi tangu akiwa darasa la pili. Hajawahi kuniomba kitu kikubwa. Nikampa ufunguo.

Kabla sijaendelea niseme hivyo vitu vyake ni nini, maana mimi mwenyewe nilimuuliza mara tatu akiwa anakula ugali. Msimu uliopita maharage yangu yaliungua majani. Hakukuwa na moto wala jua kali. Jani linaanza doa la kahawia lenye ukingo wa njano, doa linatambaa, mwisho jani zima linakauka kama karatasi. Nilivuna debe moja mahali pa magunia mawili. Kumbe Vailet anasomea ugonjwa huohuo.

"Ni bakteria, bibi. Akiingia kwenye jani anapenyeza protini yake mpaka ndani kabisa ya seli, kule kwenye vinasaba. Ile DNA. Yale ndiyo maagizo yanayomfanya mharage awe mharage. Yamekaa kama kamba mbili zilizosokotwa. Sasa ile protini inajizungusha kwenye kamba, inashika mahali pamoja tu, na inaamuru mmea umtumikie bakteria."

"Kama mtu anaingia nyumba ya watu, anaanza kutuma watoto wa mwenye nyumba."

"Hapohapo! Mimi nataka kuona vidole vyake vinashika wapi na vinashikaje. Tukijua, wanaozalisha mbegu watatafuta mharage ambao mahali pale pamebadilika kidogo. Aje ashike, ateleze."

"Si utazame tu kwa hiyo hadubini yako?"

Akacheka. Akasema protini moja ni ndogo mno, hakuna hadubini kama yake inayoweza kuiona. Akanielekeza ng'ambo ya bonde, kwenye uwanja wa shule. "Mtoto mmoja akinyoosha mkono pale, bibi, utamwona?" Nikasema sitamwona. "Na shule nzima ikisimama paredi, mistari imenyooka, wote wakanyoosha mkono wa kulia kwa pamoja?" Hao nitawaona. Basi fuwele, ile punje inayoganda kama ya chumvi, akasema, ni paredi hiyo. Protini kwa mamilioni, kila moja imeshika kipande chake cha DNA, zote zimesimama zimeelekea upande mmoja. Ukiipiga eksirei, mionzi inatawanyika na kuandika vitone vingi, na kwa kuvipigia hesabu vitone hivyo unapata umbo la mkono na mahali uliposhika.

Lakini hiyo paredi haipangwi kwa fimbo, inajipanga yenyewe. Kilichompa Vailet presha ni kwamba mwalimu wake alikuwa anasafiri Jumamosi inayofuata kwenda ng'ambo kwenye mashine kubwa ya eksirei, ambako walikuwa wamepewa saa chache tu. Ijumaa ikifika hana fuwele nzuri hata moja, saa zake anapewa mwanafunzi mwingine, naye atabadilishiwa kazi. Atamaliza shahada yake kwa kuhesabu madoa kwenye majani.

"Si kazi mbaya, bibi," aliniambia huku anaangalia sahani. "Ila siyo hii."

Jumamosi akatega. Ana sahani ya plastiki yenye vishimo ishirini na vinne. Kila kishimo anakitia maji yake maalumu, kisha anakifunika kwa kioo kidogo ambacho chini yake linaning'inia tone lenye protini na DNA, mfano wa umande chini ya jani. Maji yanahama kutoka kwenye tone polepole, tone linakolea, mpaka vilivyomo vinakosa nafasi ya kuelea na kuanza kujipanga. Sahani akaiweka juu ya rafu, upande wa pili wa ndoo zangu. Mimi nikatundika kanga mlangoni kuzuia upepo na mwanga.

Hapo ndipo nilipokosea.

Hapa mtaani kwetu, kanga ikining'inia kwenye mlango uliofungwa mchana, watu wanajua ndani kuna mzazi. Mimi sikulifikiria hilo kabisa. Halafu wateja wa asali wakija nawarudisha. "Wiki hii hakuna kuingia ghalani." Kuna nini? "Kuna vitu vichanga." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Vailet naye alikuwa anatoka humo amevaa koti pana la chuoni, anatembea taratibu, macho mekundu kwa kuchungulia hadubini. Na kwa kuwa alikuwa anasahau kula, kila asubuhi nikawa nachukua lita ya maziwa kwa Xaveria, jirani yangu, nampikia uji mwepesi wa siagi. Xaveria, ambaye wengi wanamwita mama Jovin, alikuwa ananipimia maziwa huku ananiangalia kwa huruma, na mara mbili alinijazia zaidi ya lita. Nikadhani ni upendo tu.

Jumanne asubuhi Vailet alinyanyua uso kwenye hadubini, akanipisha nichungulie. Niliona kitu kama kichaka cha miiba, vijiti vyembamba vimeshikana katikati vikatawanya ncha.

"Zimeota!" nikasema.

"Zimeota vibaya. Nyingi mno, nyembamba mno. Chuoni zilikuwa hivihivi. Nataka moja nene, bibi, imesimama peke yake. Hii ni paredi ya walevi."

Akairudisha sahani kwenye rafu, labda ndani ya siku mbili kuna moja itanenepa. Hakuwa anaamini anachosema.

Saa nne hivi, tukiwa wote humo ghalani, tukasikia vigelegele kwenye njia. Kabla sijafika mlangoni kanga ikasukumwa kando. Akaingia Xaveria na sufuria la uji kichwani, nyuma yake Redempta wa kwaya, amebeba kapu na mbeleko mpya ya maua mekundu.

"Yuko wapi? Tumekuja kumwona mtoto!"

"Mtoto gani, Xaveria?"

"Mama Theophil, acha aibu. Mtoto ni mtoto. Baba yake atajulikana mbele ya safari."

Vailet akasimama. "Mama Jovin, shikamoo. Mimi sijazaa."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi wa kwanza nilisema hivyohivyo."

"Na anavyofanana na marehemu babu yake uso mzima, sasa amfiche nani," Redempta akaongeza, huku hajamwona mtoto yeyote. Ghala langu ni jembamba. Akageuka kutafuta pa kuweka kapu, kapu likagonga rafu, na ile sahani ikateleza taratibu kabisa, kama inajifikiria, ikaangukia kwenye mfuniko wa ndoo na kutoka hapo chini.

Uji peke yake ndio ulikuwa unacheza ndani ya sufuria.

Vailet alipiga magoti akaiokota. Matone yote yalikuwa yameungana na maji ya vishimo, ila tone moja la pembeni lilibaki kwenye kioo chake na miiba yake. Hakulia. Ningependa angelia. Alikaa sakafuni akiishika sahani kwa mikono miwili, ikabidi mimi niwaeleze wenzangu kilichovunjika ni nini: kwamba humu hamna mtoto, kuna protini ya ule ugonjwa wa maharage, na kwamba mpaka Ijumaa ilitakiwa iwe imeganda fuwele nzuri.

"Ugonjwa uliomaliza maharage yangu?" Xaveria akauliza. "Na nimeumwaga mimi?"

"Aliyeumwaga ni mimi," akasema Redempta.

"Nyamaza, aliyekuleta ni mimi." Akatua sufuria, akajifunga kitenge upya kiunoni, kama anayejiandaa kulima. "Mwanangu, kimebaki nini?"

Vailet akahesabu. Kwenye chupa ya barafu ilibaki protini ya matone sita. Na ile miiba ya tone moja. "Miiba naweza kuifanya mbegu," akasema kwa sauti ya chini. "Unaisaga, unachovya unywele mgumu humo, unaupitisha kwenye tone jipya. Chembe inabaki, fuwele inaota juu yake. Nilifanya chuoni. Nilipata miiba zaidi. Nikaongeza maji kwenye mbegu, nikapata miiba."

Sasa mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo yangu, nimekasirika, na mtu akikasirika anakumbuka hasara zake za zamani. Nikaanza kunung'unika.

"Hiyo mbegu ndiyo iliyoniua mimi mwaka juzi. Nilikuwa na asali mpya ndoo sita. Nikachukua mwiko uliokuwa kwenye asali ya zamani iliyoganda, sikuuosha, nikakoroga ndoo ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Zikaganda! Wateja wakaja juu, mama umetia sukari. Eti mimi nitie sukari kwenye asali."

"Pole, bibi," Vailet akasema, hanisikilizi.

"Ya kwanza angalau ilikuwa laini kama samli, mtu anapaka kwenye mkate. Ile ya sita ndiyo aibu. Punje kubwa kama chumvi ya mawe, nne tano zimekaa chini, asali nyingine bado majimaji. Nilirudishiwa ndoo nzima."

Vailet akainua kichwa.

"Ya sita ilikuwa na punje kubwa?"

"Si nimesema?"

"Mwiko ni uleule? Hukuchovya tena kwenye ile ya zamani?"

"Ningechovya wakati nakimbilia mnada?"

Alizikazia macho ndoo zangu. "Mimi kila tone nachovya upya," akasema hatimaye. "Kila tone, bibi! Matone yote ninayafanya ndoo ya kwanza." Akaanza kucheka huku anafuta pua kwa mkono wa koti. "Unywele unaacha chembe nyingi kwenye tone la kwanza, la pili chache, ukifika la sita umebaki na moja mbili. Na chembe chache zina chakula kingi, zitanenepa. Nimewahi kusikia hilo darasani, nikaliandika, nikaliacha kwenye daftari."

Kikakosekana kitu kimoja. Sharubu la paka alilokuja nalo kwa kazi hiyo ya kuchovya lilikuwa limepotea kwenye ile ajali, nasi hapa hatufugi paka tangu yule aliyekula vifaranga.

"Unywele wa mkia wa ng'ombe unafaa?" Xaveria akauliza.

"Ukiwa mwembamba."

"Ng'ombe wangu ananijua mkono. Nakuja."

Alirudi na kifungu kinachotosha kufunga mzigo wa kuni. Vailet alichagua mmoja, akauosha kwa spiriti, akaukausha. Matone sita aliyatega palepale, lakini hakuyagusa. Alisema yalale kwanza yakolee. Mbegu ikitiwa mapema inayeyuka. Jumatano mchana ndipo alipoisaga ile miiba, akachovya unywele mara moja, na akiwa amebana pumzi akaupitisha: tone la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano, la sita. Mstari mmoja kila tone, basi. Akafunika. Kanga ikarudi mlangoni.

Safari hii tulikuwa na mlinzi. Xaveria aliweka kigoda chake kwenye njia, akawa anachambua mchele hapo, anamrudisha kila anayekuja. Alimrudisha mteja wangu wa Bagara aliyekuja kuchukua lita tano. Alimrudisha mbuzi. Akiulizwa anajibu, "Mzazi amelala," na wala hacheki. Alhamisi nilimkuta amewanyamazisha wanakwaya waliokuwa wanapita zao barabarani.

"Sasa barabara nayo unaifunga?"

"Wewe ulisema utulivu. Hukusema utulivu wa wapi."

Vailet hakuchungulia Alhamisi. Alitaka sana. Alikwenda mpaka mlangoni mara mbili, nikamwambia asali haigandi ukiwa unaifunua funua, akarudi kuchambua mchele na Xaveria.

Ijumaa saa moja asubuhi tuliingia sisi watatu. Basi lake lilikuwa la saa nne. Alianza na tone la kwanza: wingu jeupe. La pili: miiba. La tatu: miiba. La nne, vijiti vinene kidogo lakini vimebebana. Uvumilivu ukamwishia, akaruka la tano akaenda la sita.

"Hamna kitu," akasema. "Tupu."

Xaveria akaniangalia. Mimi nikaangalia ndoo zangu.

Vailet alirudi kwenye la tano. Akakaa. Akageuza kile kigurudumu cha hadubini kidogo, akakirudisha. Nikasikia anahesabu kwa pumzi, "moja… mbili," kisha hakuendelea.

"Bibi, njoo."

Zilikuwa mbili, kila moja upande wake, hazigusani. Kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa rula, na ndani safi unaona mpaka upande wa pili. Sijui niseme zilifanana na nini. Punje zangu za ndoo ya sita zilikuwa nzuri, ila hazikuwa nzuri hivyo. Xaveria alipochungulia alisema tu, "Hizo ndizo zilizokula maharage yangu," halafu akasema, "Jamani, ni nzuri."

Tatizo likawa barabara. Fuwele zilitakiwa zifike chuoni zikagandishwe kwa hewa baridi sana, ndipo zisafiri na mwalimu, na mtikisiko mkubwa ungezivunja. Vailet alitaka kuiweka sahani kwenye boksi na gazeti. Xaveria akamtazama kama mtu aliyesema atambeba mtoto kwenye ndoo.

"Simama hapa."

Akatoa ile mbeleko ya maua mekundu. Sahani ikafungwa kwenye taulo, taulo likawekwa kifuani, mbeleko ikazungushwa mara mbili na kufungwa begani kwa lile fundo la wamama. Vailet akatembea hatua tano, sita. Sahani haikucheza.

Stendi ya Babati kondakta alimwona, akamnyanyua kijana aliyekaa siti ya mbele. "Mpishe mama mwenye kichanga." Vailet alifungua mdomo aeleze. Nikamfinya. Akasema asante, akaketi, akaweka mkono wa kulia juu ya mbeleko, na basi likaondoka.

Saa tisa alasiri alipiga simu: zimefika mbili, zimegandishwa mbili.

Baada ya hapo ulikuwa ukimya wa wiki tatu. Nilipalilia. Maharage yalianza kutoa maua, na kwenye mstari wa chini niliona doa la kahawia lenye ukingo wa njano, nikang'oa mashina manne nikayachoma. Nilikuwa nayachoma hayo simu ilipolia.

Fuwele moja ilipasuka ndani ya ule ubaridi. Nyingine ilisimama kwenye eksirei mpaka mwisho. Vailet alinitumia picha, nami nikampelekea Xaveria kwake tuitazame pamoja, maana simu yake ina kioo kikubwa. Ni vitone vyeusi kwenye karatasi nyeupe, vingi kama mtama uliomwagika, lakini ukitazama vizuri vimejipanga, duara kwa duara, hakuna kilichokosa mahali pake.

"Mkono uko wapi?" Xaveria akauliza.

"Bado hauonekani. Kasema hesabu zake ni za miezi. Na mbegu yenyewe ni miaka, kama ikipatikana."

"Miaka." Akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaangalia vitone kimoja kimoja kama anayekagua mchele. "Basi tutamngoja. Na huyo Vailet mwambie mbeleko yetu asiitume kwa basi. Aje nayo mwenyewe."